Tembo Aliyekatwa Paldi

Kama kuna mwanamke pale Paldi, mtaa wa Ahmedabad huko India, aliyechukiwa bure na nyumba aliyoolewa, basi ni Kinnari. Nasema bure kwa sababu kosa lake la kwanza lilikuwa kuingia na oveni. Wenzake wa Ahmedabad huingia kwa mume na kabati la chuma na vyombo vya shaba. Yeye alishuka garini amekumbatia oveni ya umeme, na mama mkwe wake, Kanchanben, akaitazama kama mgeni aliyekuja na mbwa wake.

Mchana Kinnari alikuwa karani wa dirishani katika benki ya ushirika. Kutwa nzima alikaa nyuma ya kioo akitukanwa na wazee ambao saini zao za leo hazifanani na za jana, na yeye anajikaza kisabuni na kusema karibu tena. Keki ndizo zilizomfanya asiwarudishie. Mtu akimwambia ni mjinga, yeye moyoni alikuwa akipanga waridi za krimu, petali kwa petali, na lile tusi linapita bila kumgusa.

Lakini kuoka keki katika nyumba ya Kijaini, dini isiyoruhusu kuua hata mdudu, si mchezo. Yai halikanyagi, hilo hata mtoto analijua. Jeletini ni mifupa, haikanyagi. Asali imeibwa kwa nyuki, nayo haikanyagi. Unga unachekechwa kwa macho zaidi kuliko kwa chekecheo, usije ukamtia motoni mdudu aliyelala humo. Moto hauwashwi mpaka jua limetoka vya kutosha kumwona sisimizi mezani, na likizama, jiko limefungwa na hakuna atakayetia kitu kinywani. Kwa hiyo Kinnari alibakiwa na kipande cha asubuhi kabla ya benki, na Jumapili. Katika kipande hicho alichanganya mtindi, maziwa mazito ya kopo, magadi na tone la siki, akatoa keki zilizoumuka laini kuliko za wenye mayai yao, huku Kanchanben amekaa kwenye kigoda kando ya mlango na ungo wa dengu mapajani, anamvizia akosee.

Na palikuwa na sharti jingine, kubwa kuliko yote. Kinnari hakufinyanga umbo la kiumbe. Kwa Wajaini, mkono unaoshika kisu na kukata umbo la mnyama, hali mwenye mkono anajua ni mnyama, kwa nia umeshaua, hata mnyama awe wa sukari. Hata majina ya wenye sherehe aliyaandika kwenye kibao chembamba cha chokoleti, kinachonyanyuliwa kabla ya kisu kushuka, maana wazee hawapendi jina la mtu lipitiwe na kisu. Wanawake wa jumuiya waliijua misimamo yake. Bibi ambaye hali kitu kilichopikwa nje ya nyumba yake alikula keki ya Kinnari akaomba na ya kubeba. Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake, naye hakuwa na nyingine katika nyumba ile.

Sasa njoo kwa Smruti. Huyu ni dada mkubwa wa Tejas, mume wa Kinnari, aliyeolewa na watu wenye nazo ng'ambo ya mto. Alikuwa na tabia ya kuingia kwa mama yake bila hodi na kuondoka bila ahsante, na keki za Kinnari alizichukua kama mtu anayechuma majani ya mchuzi ukutani kwao.

Siku moja ya mvua aliingia jikoni, mwavuli unadondosha maji sakafuni, akasema, "Prakshal anataka tembo. Tembo mzima, amekaa, mkonga juu."

"Wifi, unajua sifanyi viumbe," Kinnari akasema. "Nitamtengenezea nyumba. Au treni, yenye mabehewa na..."

"Treni? Mwanangu anatimiza miaka mitano, hastaafu kazi ya reli."

"Basi bustani."

"Wenzie shuleni wanakata simba, wanakata dinosau. Wangu akate maua kama bibi harusi?"

"Wenzie si Wajaini."

"Haya, mwalimu wa dini. Kwani nani kasema tutamkata? Tembo akae juu ya keki ya mraba. Tutamnyanyua, tutamweka pembeni, tutakata mraba. Si ndivyo unavyofanya na majina yako? Au dini yako inajua kunyanyua majina tu?"

Kinnari akamgeukia mama mkwe. "Mama, wewe unasemaje?"

Kanchanben hakuinua kichwa. "Mimi nakagua dengu," akasema.

"Umesikia, Mama hana neno," Smruti akasema. "Na huyo tembo usimfanye mkavu. Mtie jamu ya stroberi ndani, mtoto hali keki kavu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angeuliza: tembo asiyekatwa anatiwa jamu ya nini? Kinnari hakuuliza. Na nisimpake mafuta, hakuuliza kwa sababu alikuwa ameshaanza kumwona yule tembo. Miaka yote hiyo alikuwa amefanya maua, vikapu na mashada, na vidole vyake vilikuwa vinawasha kwa kitu chenye macho.

Jumapili alimtengeneza. Masika ni adui wa sukari ya kufinyanga. Inatoka jasho, inalegea, sikio unaliweka wima na ukigeuka limelala. Alifunga madirisha, akawasha feni, akashikiza masikio kwa njiti za meno mpaka yakakauka. Magoti aliyachora mikunjo kwa mgongo wa kisu. Tejas alichungulia mlangoni akasema, "Huyu mbona kama anapumua." Tejas alikuwa mtu mpole, wa aina ile ambaye mama na mke wakianza kuvutana, yeye anakumbuka kwamba amepoteza funguo. Lakini siku hiyo alisimama akatazama kwa muda, na Kinnari akafurahi, na furaha yake ilikuwa ya mtu anayejua anafanya kitu kisichomstahili.

Sherehe ilifanyika nyumbani kwa Smruti, alasiri, ili watu wale kabla jua halijazama. Sebule ilijaa. Vimlaben, shangazi mzee wa ukoo, mwanamke aliyekuwa akishinda ukumbi wa sala na ambaye neno lake lilifika mitaa yote ya Paldi kabla ya gazeti, alikaa mbele kabisa. Simu zikainuliwa. Kinnari akasogea na kijiko chake kipana amnyanyue tembo.

Smruti akamzuia kwa nyonga. "Subiri, wifi. Picha kwanza."

"Tumnyanyue kwanza, halafu..."

"Nimesema picha."

Mtoto alikuwa na kisu mkononi na watu hamsini wanampigia makofi. Mtoto gani atangoja? Alikishusha kisu shingoni mwa tembo, kikazama, na jamu nyekundu ikatoka ikateremka kifuani, juu ya ile sukari ya kijivu, ikatuama kwenye magoti aliyoyachora Kinnari kwa mgongo wa kisu.

Makofi yalikatika. Prakshal akatazama kisu chake, akaanza kulia. Vimlaben akainuka taratibu, akachukua mkoba.

"Mmechinja," akasema. "Mnyama aliyeonekana katika ndoto ya mama yake Mahavira, mwalimu mkuu wa dini yetu, mmemchinja sebuleni, mkanialika nije nitazame."

Smruti aligeuka upesi kuliko feni. "Wifi, ni nini hiki umetuletea? Mimi niliagiza keki ya mraba. Nani alikutuma utufanyie mnyama?"

Kinnari akamtazama mama mkwe, aliyekuwepo jikoni siku ile, aliyesikia neno kwa neno. Kanchanben alikuwa amekaa kwenye kochi la binti yake, katika nyumba ya watu wazito aliokuwa akijivunia kila siku. Alivuta upindo wa sari yake begani, akaulainisha, akatazama dirishani.

"Alitaka kujionyesha," Smruti akawaambia wageni. "Mwacheni, ndivyo alivyo."

Yaliyofuata yalikuwa machafu. Vimlaben alilitangaza, na kila aliyelipokea alilitia chumvi yake. Wiki haikuisha, ikawa Kinnari ameweka rangi ya damu kusudi. Baada ya hapo ikawa hata mayai anatia, ila anaficha maganda. Waliokuwa wameagiza keki waliahirisha kwa sauti tamu, mmoja baada ya mwingine, mpaka hakubaki wa kuahirisha. Kule benki, mwanamke aliyekula keki zake miaka yote alipitisha hundi chini ya kioo akasema, "Nasikia siku hizi mwenzetu unauza nyama." Kinnari alimgongea muhuri hundi ile kwa nguvu iliyomfanya meneja atoke ofisini.

Nyumbani, Kanchanben aliamuru oveni ipelekwe stoo ya juu.

"Jiko langu si machinjio," akasema.

"Mama, ulikuwepo. Ulimsikia akiagiza."

"Nina masikio ya kizee, mimi. Sisikii kila upuuzi."

Tejas ndiye aliyeibeba. Alipotelemka Kinnari alimngoja kwenye ngazi. "Na wewe huna la kusema?"

"Vumilia. Yatapita."

"Yatapita wapi? Njia yenyewe ni mgongo wangu."

Tejas akapapasa mifuko yake, akasema hajui funguo ameziweka wapi.

Ndipo zikafika siku nane za Paryushan, siku kuu za toba, na Smruti, ambaye hajawahi kukosa hata kifungua kinywa, akatangaza kufunga siku zote nane kwa maji ya kuchemsha tu. Jumuiya nzima ikamwinamia. Wanawake walimtembelea jioni kumwimbia nyimbo za sifa, wakamgusa miguu kama mtawa. Kanchanben alivimba kwa fahari. Kinnari naye alikuwa akila mara moja kwa siku, akienda ukumbini asubuhi kabla ya benki, na hakuna aliyemwimbia chochote.

Huko ukumbini mtawa mmoja mwenye nguo nyeupe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, alisema neno lililomkosesha raha Kinnari. Alisema hasira hupewa mpaka mmoja tu: jioni ya siku ya mwisho. Mwenye kuivusha hasira yake jioni hiyo, akaingia nayo mwaka mwingine, huyo ameitupa imani mwenyewe na asimlaumu mtu. Kinnari hakuwa Mjaini wa kuigiza. Aliliamini, na likamtisha. Alitakiwa kumsamehe Smruti jioni ile, asipofanya hivyo ni juu yake. Lakini kusamehe uongo ukiwa bado umesimama wima, na yeye bado anaitwa mchinjaji, ilikuwa ni kuutilia saini. Alizunguka na jambo hilo siku nzima, anahesabu noti za watu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akakosea.

Jioni ya mwisho ikafika. Baada ya sala ndefu ya toba, wanawake ukumbini waligeukiana, wakafumba mikono, kiganja kwa kiganja, na kusema maneno ya kila mwaka: kama nimekukosea, kwa kujua au kutojua, nisamehe. Yalisemwa haraka haraka, kushoto na kulia, kama sahani zinazopitishwa karamuni. Simu mikobani zilikuwa zinatetemeka, maana watu wanayatuma pia, picha moja ya ua la yungiyungi kwa ndugu, kwa bosi na kwa fundi bomba.

Smruti alimfikia Kinnari ameshikwa huku na huku na wanawake wawili. Midomo ilikuwa imempasuka na macho yameingia ndani. Akafumba mikono.

"Wifi, kama nimekukosea kwa mawazo, kwa maneno au kwa vitendo, nisamehe."

Kila mtu anajibu kwa kufumba mikono na kusema hayo hayo. Kinnari mikono aliiacha ilivyo.

"Kwa lipi?" akauliza.

Smruti akapepesa macho. "Kwa yote."

"Hayo yote, na tembo yumo?"

Minong'ono ya karibu ikazimika, kisha ya mbali. Vimlaben akasogea. "We Kinnari, una wazimu? Mtu hajala siku nane."

"Najua, shangazi. Ndiyo maana namuuliza leo. Wiki iliyopita angenidanganya bila shida."

"Mwulize kesho."

"Kesho atakuwa ameshakula."

Smruti akamtazama mama yake. "Usimtazame Mama," Kinnari akasema. "Mama anakagua dengu. Nitazame mimi. Unaniomba msamaha wa lipi, wifi? Mimi niko tayari, nataka nijue tu ninachosamehe."

Nadhani Smruti aliupima ule uongo ulimini na kuona utamgharimu funga nzima, siku zote nane, nyimbo na kuguswa miguu. Au labda alikuwa amechoka. Akasema, kwanza kwa sauti ya chini, kisha ya juu, "Mimi ndiye niliyeagiza. Tembo mimi, jamu mimi. Yeye alikataa. Na kunyanyua nilimzuia, nilitaka picha. Nilimsingizia." Halafu akaangua kilio akamwangukia Kinnari shingoni.

Ungedhani sasa watu wangemgeukia Kinnari. Thubutu. Walimgeukia Smruti. "Moyo wa namna gani huu," mmoja akasema, anafuta machozi. "Kuungama mbele ya watu, na siku nane hajala." Vimlaben alimshika Smruti kichwa kwa mikono yote miwili. "Hii ndiyo funga," akasema. "Sisi wengine tunashinda njaa tu." Wakamkumbatia, wakampepea, wakamtoa shingoni kwa Kinnari kama wanaomwokoa mtu na mwiba. Mwanamke aliyekuwa karibu, yule yule wa hundi, akamnong'oneza Kinnari, "Ungemwuliza faraghani. Si vizuri."

"Kwani mimi mlinisema faraghani?" Kinnari akamjibu.

Kisha akafumba mikono, akamwelekea Smruti kati ya vichwa vya watu, akasema, "Nimekusamehe." Alisema na ikawa. Hakusamehe kwa upendo, maana hakuwa nao. Alisamehe kwa sababu jioni ilikuwa inakwisha na hakuwa tayari kulibeba lile jambo kwa ajili ya mtu kama Smruti.

Nyumbani Kanchanben alimsubiri atoe kandambili. "Umempiga mgonjwa," akasema.

"Nimemwuliza swali mtu mzima."

"Haya, nilimsikia akiagiza. Umefurahi? Nilisikia kila kitu. Ni mwanangu, ulitaka nimwaibishe mbele ya wakwe zake? Lakini na wewe usijitie malaika. Smruti hajui hata kukanda chapati. Yale masikio alichonga nani? Nani aliyeshinda Jumapili nzima anayapepea?"

Neno hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma Kinnari kuliko uongo wote wa Smruti. Kisha Kanchanben akafumba mikono upesi, kama anayeua mbu, akasema maneno ya msamaha huku anatazama ukuta, na Kinnari akayarudisha huku anatazama ukuta mwingine. Asubuhi yake Tejas aliishusha oveni bila kuambiwa na mtu. Kinnari hakumshukuru.

Smruti alipitishwa mitaani kwenye gari la farasi lililopambwa maua, na bendi mbele. Jumuiya ilimwita mfano wa kuigwa. Kwa Kinnari maagizo yakarudi kimya kimya, kutoka kwa wanawake wale wale, na ukiacha ile picha ya yungiyungi hakuna aliyesema samahani. Aliyapokea. Hakuwa na anasa ya kususa.

Siku chache baadaye Smruti aliingia jikoni, bila hodi, mashavu yamesharudi. Kinnari alikuwa anachekecha unga. Kanchanben alikuwa kwenye kigoda chake.

"Wifi, Jumapili nafanya sherehe ya funga yangu," Smruti akasema. "Jumuiya yote inakuja. Nataka keki ya ghorofa tatu, nyeupe tupu, jina langu kwa dhahabu. Hakuna mnyama, usiogope. Na wewe itakusafishia jina, watu waone tumeelewana."

"Mpikie," Kanchanben akasema.

Kinnari aliona mdudu mdogo wa kahawia kwenye chekecheo. Akamtoa kwa ncha ya karatasi, akamweka dirishani penye kivuli, akarudi mezani.

"Hapana," akasema.

Smruti akacheka. "Hapana nini? Si ulinisamehe mbele ya watu?"

"Nimekusamehe," Kinnari akasema. "Keki sikupikii."